Jinsi ya Kuchambua Gharama za Magereza na Kujua Pa Kupunguza

Kila mwaka wa fedha, maombi ya idara ya magereza hufika mezani yakiwa makubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, na maelezo yanayoambatana nayo huwa ni yale yale: wafungwa wameongezeka na bei zimepanda. Maelezo hayo mara nyingi ni ya kweli, lakini hayamsaidii mtu anayetakiwa kuamua kama fedha ziidhinishwe, zipunguzwe au zihamishiwe kwingine, kwa kuwa hayaonyeshi ni gharama gani hasa inayopanda, inapanda kwa uamuzi wa nani, na ni ipi inayoweza kushuka bila kuwaumiza waliofungwa na wanaowalinda. Mwongozo huu ni kwa ajili ya afisa mipango, mjumbe wa kamati ya bajeti, mkaguzi, mwandishi wa habari au mtendaji wa asasi ya haki ambaye amekabidhiwa vitabu vya bajeti ya magereza na kutakiwa kuvitolea maoni.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba gereza halina mamlaka ya kumkataa mtu anayeletwa na hati halali ya mahakama, wala ya kumwachia kabla ya siku yake. Mkuu wa gereza anaweza kubana matumizi ya maji, umeme na mafuta ya magari, lakini idadi ya watu anaowalisha na siku watakazokaa huamuliwa na polisi wanaokamata, waendesha mashtaka wanaopinga dhamana, mahakimu wanaoahirisha kesi na wabunge wanaoongeza adhabu. Anayechambua bajeti hii kwa kuitazama idara ya magereza peke yake atapata nusu ya jibu, na aghalabu huwa ni ile nusu isiyo na fedha nyingi.

Kusanya gharama yote kwanza

Kitabu cha bajeti huonyesha fungu la magereza, ilhali gharama ya kumfunga mtu imetawanyika katika mafungu kadhaa. Pensheni za askari waliostaafu zinaweza kuwa chini ya hazina, matibabu ya rufaa chini ya wizara ya afya, na ujenzi wa mabweni mapya katika matumizi ya maendeleo ambayo husomwa siku nyingine na kamati nyingine. Kuwasafirisha mahabusu kwenda mahakamani ni kazi ya polisi katika baadhi ya nchi na ya magereza katika nchi nyingine. Pitia kila kasma, yaani kila kifungu cha matumizi, andika inakokaa, kisha iunganishe katika jedwali moja lenye miaka isiyopungua mitano.

Katika jedwali hilo weka safu nne kwa kila mwaka: fedha zilizoombwa, zilizoidhinishwa, zilizotolewa na hazina, na zilizotumika pamoja na madeni ambayo hayajalipwa. Safu ya nne ndiyo yenye ukweli. Bajeti iliyoidhinishwa inaweza kuonekana imetulia kwa miaka mitatu mfululizo huku madeni ya wazabuni yakipanda chinichini, kisha mwaka wa nne idara ikaomba fedha nyingi kwa mara moja na kila mtu akashangaa. Ukishaijaza, ondoa athari ya mfumuko wa bei kwa kuzibadili fedha za miaka yote ziwe na thamani ya mwaka mmoja. Sehemu ya ongezeko linalolalamikiwa itatoweka hapo hapo, na itakayobaki ndiyo ya kuichunguza.

Usiuamini wastani

Takwimu inayopendwa kuliko zote ni gharama ya mfungwa mmoja kwa siku, ambayo hupatikana kwa kugawa matumizi yote kwa wastani wa idadi ya wafungwa na kisha kwa siku 365. Itafute, kwa sababu utaulizwa, lakini usiijengee hoja yako. Ina kasoro mbili, na zote mbili humpoteza mtu asiyezijua.

Ya kwanza ni kwamba msongamano huifanya ionekane nzuri. Gereza lililojengwa kwa ajili ya watu 500 likilaza watu 900 chini ya askari walewale na ndani ya kuta zilezile, gharama ya kila mmoja hushuka sana kwenye karatasi, ingawa kinachoshuka kwa hakika ni nafasi ya kulala, usafi, usalama na uwezekano wa mtu kupata huduma yoyote ya urekebishaji. Wizara ya Sheria ya Uingereza, inapochapisha kila mwaka gharama za magereza ya England na Wales, hutoa hesabu kwa kila nafasi na hesabu nyingine kwa kila mfungwa. Tena hutenganisha gharama zinazolipwa moja kwa moja na gereza na gharama za jumla zinazojumuisha huduma za makao makuu. Fanya vivyo hivyo. Pale ambapo gharama kwa kila nafasi inapanda huku gharama kwa kila mfungwa ikishuka, ujue umeona msongamano, na asije mtu akauita ufanisi.

Ya pili ni kwamba wastani huahidi akiba isiyokuwepo. Chukua gereza la mfano lenye wafungwa 1,000, ambalo kati ya kila shilingi 100 zinazotumika, 80 zinakwenda kwenye mishahara, matengenezo, umeme wa taa za ukuta na uendeshaji wa ofisi, na 20 zinakwenda kwenye chakula, dawa, sare, sabuni na mambo mengine yanayofuata idadi ya watu. Wakiondoka wafungwa 50, yaani asilimia 5, wastani utakuambia umeokoa 5 kati ya 100. Umeokoa 1 tu, kwa kuwa zile 80 hazikuguswa: mnara bado una mlinzi, lango bado lina zamu, na bweni bado linafunguliwa asubuhi. Akiba kubwa huja kwa ngazi. Huja pale bweni zima linapofungwa na askari wake kupangiwa kazi nyingine, au gereza zima linapofungwa, au ujenzi wa gereza jipya unapoahirishwa. Uwiano wa 80 kwa 20 ni wa mfano. Mahali ambapo mishahara iko chini na msongamano ni mkubwa, chakula na nishati huchukua sehemu kubwa zaidi, na ndiyo maana kila mtu hana budi kupiga hesabu ya mahali pake.

California ni somo zuri la jambo hili. Mwaka 2006 jimbo hilo la Marekani lilikuwa na wafungwa zaidi ya 170,000, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikathibitisha amri ya kulitaka lipunguze idadi hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza yake. Katika miaka ya 2020 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 100,000. Hata hivyo gharama ya kila mfungwa ilipita dola 100,000 kwa mwaka, kwa sababu watu walipungua haraka kuliko askari na majengo, na kwa sababu mishahara na matibabu viliendelea kupanda. Jimbo lilipoanza kufunga magereza mazima, kuanzia lile lililokuwa karibu na mji wa Tracy mwaka 2021, ndipo upungufu wa wafungwa ulipoanza kugeuka akiba.

Uholanzi ilifika mapema zaidi. Wafungwa wake walipopungua, ilifunga magereza kadhaa na mengine ikayapangisha kwa majirani: Ubelgiji ilitumia gereza la Tilburg kuanzia 2010 hadi 2016, na Norway ikatumia la Norgerhaven kuanzia 2015 hadi 2018. Si kila nchi ina jirani wa kumpangishia gereza, lakini funzo lake ni kwamba jengo tupu linahitaji uamuzi, la sivyo litaendelea kula fedha.

Hesabu malindo, usihesabu askari

Mishahara na posho ndiyo kasma nzito katika magereza mengi, na ndiyo inayojadiliwa vibaya kuliko zote. Wengine hudai askari ni wengi mno, wengine hudai ni wachache mno, na pande zote mbili hutumia uwiano wa askari kwa wafungwa, ambao hausemi mengi. Askari mmoja kwa wafungwa watano inaweza kuwa ni neema katika gereza lenye uwanja mmoja unaoonekana wote kutoka mahali pamoja, na ikawa ni hatari katika gereza la zamani lenye korido ndefu na ngazi zenye pembe zisizoonekana. Kipimo cha kutumia ni lindo, yaani mahali au jukumu ambalo lazima liwe na mtu: lango kuu, mnara, bweni, jiko, zahanati, chumba cha wageni, chumba cha silaha.

Omba orodha ya malindo ya kila gereza, ikionyesha ni yapi ya saa 24, yapi ya mchana tu, na yapi ya siku za kazi. Kisha piga hesabu ifuatayo. Lindo la saa 24 linahitaji saa 8,760 za kazi kwa mwaka. Askari anayefanya kazi saa 40 kwa wiki angetoa saa 2,080 kama asingepumzika wala kuugua, lakini ukimtolea siku 20 za likizo, siku 10 za sikukuu, siku 10 za ugonjwa na siku 5 za mafunzo, anabakiwa na saa 1,720. Gawanya 8,760 kwa 1,720, upate takriban 5.1. Lindo moja, watu watano na kidogo.

Idara nyingi hupanga watu wanne kwa lindo, kwa kuwa 8,760 ukizigawa kwa 2,080 unapata 4.2, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Gereza lenye malindo 12 ya saa 24 likiajiri kwa hesabu ya 4.2 litakuwa na askari 51 badala ya 61. Wale kumi waliokosekana hawatokei hewani: likizo huahirishwa, zamu ya saa nane inageuka ya saa kumi na mbili, malipo ya saa za ziada yanapanda, wagonjwa wanaongezeka kwa uchovu, na waliochoka wanaacha kazi ili idara iajiri na kufundisha wapya kwa gharama nyingine. Anayeishauri serikali izuie ajira magerezani ili kubana matumizi inafaa aonyeshwe kasma ya saa za ziada ya miaka miwili inayofuata. Mahali ambapo saa za ziada hazilipwi kabisa gharama haikosekani. Imebebwa na askari mwenyewe, na kwa mtazamo wangu hiyo ni mojawapo ya milango mikubwa ya rushwa ndogondogo za getini.

Baada ya hapo uliza swali moja kwa kila lindo: likiondolewa, kitatokea nini? Mara nyingine jibu linapatikana kwa kuhamisha mlango, kukata ukuta ili askari mmoja aone mabweni mawili, au kuunganisha chumba cha wageni na lango kuu. Mara nyingine jibu ni kwamba haliondoleki. Kanuni ya 81 ya Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wanawake tu. Kwa hiyo sehemu ya wanawake yenye watu kumi na watano bado itahitaji malindo yake kamili, na itaonekana ya gharama kubwa mno kwa kila mtu. Huo si uzembe wa mtu yeyote.

Lindo moja husahaulika kwa sababu halimo ndani ya ukuta. Mfungwa akilazwa hospitali ya nje, anakwenda na askari wawili, na wawili hao hubadilishwa kila zamu. Siku moja ya kulazwa ni saa 48 za askari. Siku kumi ni saa 480, ambazo ni zaidi ya robo ya kazi ya askari mmoja kwa mwaka mzima. Omba kitabu cha kutoka na kuingia cha lango kuu, hesabu safari za hospitali na siku za kulazwa kwa miezi mitatu, na utagundua kwa nini gereza lenye askari wa kutosha kwenye karatasi linaacha minara miwili bila watu kila Jumanne. Kuleta daktari, mashine ya kupimia kifua kikuu au kliniki ya meno ndani ya gereza mara moja kwa wiki kunaweza kugharimu chini ya saa hizo.

Chakula, nishati na bei ya kuchelewa kulipa

Chakula hakiwezi kusubiri fedha zitoke. Hazina inapochelewa, mzabuni huendelea kuleta kwa mkopo, na hapo huonekana kama mkombozi. Lakini mfanyabiashara anayejua kwamba atalipwa baada ya miezi tisa huingiza miezi hiyo tisa katika bei ya zabuni inayofuata. Wenzake wasio na mtaji wa kusubiri hujitoa, washindani hubaki wawili au mmoja, na bei inapanda tena. Hakuna mahali pengine katika bajeti hii ambapo gharama hupanda bila mtu yeyote kupata chochote cha ziada kama hapa.

Kwa hiyo linganisha bei ya mkataba na bei ya jumla ya sokoni kwa bidhaa tano au sita zinazobeba uzito mkubwa, kama nafaka, kunde, mafuta ya kupikia, kuni au gesi, na sabuni. Weka pembeni ya kila bidhaa muda ambao mzabuni alisubiri malipo. Ukiona tofauti ya bei inakua kadiri muda unavyorefuka, pendekezo lako la kwanza liwe ni kulipa madeni ya zamani na kuweka ratiba ya malipo inayoheshimiwa, hata kabla ya kugusa zabuni zenyewe. Linganisha pia kiasi kilicholetwa na idadi ya waliokuwepo siku hiyo kwenye hesabu ya asubuhi: mgawo uliowekwa kwa gramu, ukizidishwa kwa idadi ya watu, unapaswa kukaribiana na kilichopokelewa ghalani. Pengo likiwa kubwa, ama wafungwa wanapunjwa ama ghala linavuja, na yote mawili ni mambo ya mkaguzi.

Katika nishati, mfano wa Rwanda unastahili kutazamwa. Taasisi ya elimu ya juu ya sayansi na teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo ya gesi inayotokana na vinyesi katika magereza, ikatatua kwa pamoja tatizo la vyoo vilivyojaa na la kuni nyingi zilizokuwa zikitumika jikoni, na mwaka 2005 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya nishati ya Ashden. Kinachofaa kuigwa ni ile namna ya kufikiri: gharama mbili zilizokuwa katika kasma mbili tofauti zilitatuliwa na uwekezaji mmoja. Ila mtambo bila fundi na bila bajeti ya matengenezo huwa mzigo ndani ya miaka michache, basi usiandike pendekezo la mtambo bila kuandika mshahara wa fundi.

Matibabu na wafungwa wanaozeeka

Kanuni ya 24 ya Kanuni za Mandela inasema huduma ya afya kwa wafungwa ni wajibu wa dola na kwamba kiwango chake kiwe sawa na kile kinachopatikana katika jamii, tena bila malipo. Mtu anayetafuta pa kukata hawezi kuanzia hapa. Anachoweza kufanya ni kuona gharama hii inakokwenda. Chora umri wa wafungwa kwa makundi ya miaka kumi kumi, kisha chora tena kwa kudhani kwamba kila mwenye kifungo kirefu atabaki hadi siku yake. Nchi iliyoongeza adhabu za lazima na vifungo vya maisha miaka ishirini iliyopita inaanza kulipa sasa kwa dawa za kisukari, za shinikizo la damu, za figo, na kwa vitanda vya watu wasioweza kupanda ngazi. Wataalamu wengi humhesabu mfungwa kuwa mzee tangu miaka 50 au 55, kwa kuwa maisha kabla na wakati wa kifungo humchosha mtu mapema. Kila muswada unaorefusha kifungo ungepaswa kuja bungeni ukiwa na gharama yake ya miaka thelathini, na ni nadra kuja nayo.

Fuata watu wanaoingia na siku wanazokaa

Hapa ndipo fedha zilipo. Idadi ya watu gerezani hutokana na mambo mawili tu: wangapi wanaingia kwa siku, na kila mmoja anakaa siku ngapi kwa wastani. Wakiingia 12 kwa siku na kukaa siku 150, gereza litakuwa na watu 1,800. Wakiendelea kuingia 12 lakini wastani ukashuka hadi siku 140, watabaki 1,680. Siku kumi zimeondoa watu 120, idadi inayotosha kufunga bweni, bila kumwachia mtu mmoja ambaye mahakama imemhukumu.

Hesabu hiyo ifanye kwa mahabusu peke yao kwanza. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 11 walio magerezani, na takriban theluthi moja yao hawajahukumiwa; katika nchi kadhaa mahabusu ni wengi kuliko wafungwa. Chukua rejista ya mahabusu ya gereza moja, uipange kuanzia aliyekaa muda mrefu hadi aliyeingia jana, na kwa kila jina la mia moja ya kwanza jaza mambo haya: kosa, tarehe ya kuingia, mara ambazo kesi imeahirishwa, sababu ya kuahirishwa mara ya mwisho, na kama dhamana imetolewa na kiasi chake. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa watu wawili, na huzaa matokeo kuliko warsha yoyote. Utakuta waliopewa dhamana wakashindwa kuitimiza kwa fedha ambazo ni ndogo kuliko gharama ya kuwalisha tangu siku hiyo. Utakuta ambao kosa lao, hata wangelikiri, lingewapa kifungo kifupi kuliko muda waliokwisha kukaa. Na utakuta majalada ambayo shahidi wake haji, hakimu wake amehamishwa, au gari la kumpeleka mahabusu mahakamani halikuwa na mafuta. Hilo la mwisho lichunguze kwa makini, kwa sababu mafuta yaliyokosekana kwa safari moja huzaa majuma mengi ya mlo.

Malawi ilianza kulishughulikia jambo hili mwaka 2000 kwa kuruhusu wasaidizi wa sheria waingie magerezani, wawafundishe mahabusu namna ya kuomba dhamana na wafuatilie majalada ya waliopitiliza muda. Mahakimu nao wakawa wanakwenda kusikiliza mashauri hayo gerezani kwenyewe badala ya kusubiri gari. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bweni jipya.

Kwa waliohukumiwa, tazama vifungo vifupi. Mtu wa miezi mitatu hugharimu mapokezi, uchunguzi wa afya, sare, usajili na uachiwaji sawasawa na mtu wa miaka mitano, na hatoki na ufundi wowote kwa sababu muda hautoshi. Zimbabwe ilitunga sheria ya huduma kwa jamii mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na mkutano uliofanyika Kadoma mwaka 1997 ulizihimiza nchi nyingine za Afrika zifuate. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1998. Unapopendekeza njia hii jihadhari na mtego mmoja: mahakimu wanaweza kuwapa huduma kwa jamii wale ambao wangeonywa au kutozwa faini tu, na kuendelea kuwafunga walewale waliokuwa wakifungwa. Hapo utakuwa umeongeza gharama ya wasimamizi na hujapunguza mlo hata mmoja. Mtego huohuo ukague pia kwa bangili za kielektroniki, zile anazofungwa mtu ili afuatiliwe akiwa nje ya gereza. Kipimo cha mafanikio kiwe ni kushuka kwa idadi ya wanaoingia gerezani wakiwa na vifungo vifupi. Wingi wa amri zilizotolewa hauonyeshi chochote.

Kuhusu wanaorudi, utafiti wa taasisi ya RAND wa mwaka 2013 nchini Marekani ulikadiria kwamba kila dola moja iliyowekwa katika elimu ya wafungwa iliokoa dola nne hadi tano za gharama za kuwafunga tena ndani ya miaka mitatu. Usiinakili namba hiyo kwenye bajeti ya nchi nyingine kama ilivyo. Itumie kudai jambo dogo: idara ianze kurekodi nani karudi, baada ya miezi mingapi, na alipitia mafunzo gani.

Mapendekezo yatakayoletwa mezani

La kwanza litakuwa kujenga. Mwaka 2007 wabunge wa Texas waliambiwa wangehitaji nafasi mpya za wafungwa zaidi ya 17,000 katika miaka mitano, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2. Badala yake waliidhinisha dola milioni 241 kwa ajili ya matibabu ya uraibu, usimamizi wa nje na vituo vya muda, na lile ongezeko lililotabiriwa halikutokea. Basi mtu akileta ramani ya gereza jipya, mtake aambatanishe orodha ya malindo na gharama ya kuyajaza kwa miaka thelathini. Bei ya ujenzi pekee huficha sehemu kubwa ya deni.

La pili litakuwa kumkabidhi mkandarasi binafsi. Soma kifungu cha malipo kabla ya bei. Baadhi ya mikataba nchini Marekani ilizifunga serikali kulipia asilimia 80 hadi 100 ya vitanda viwe na watu au visiwe na watu, na kwa hiyo ikafuta faida yoyote ya kupunguza wafungwa. Uliza pia kama mkandarasi anaruhusiwa kukataa wagonjwa na wazee, na nani analipa anaposhindwa. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ililazimika kulichukua gereza la Birmingham kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiliendesha, baada ya hali ya usalama kuporomoka. Wajibu wa dola haukuwa umehama na mkataba.

La tatu, ambalo hupendwa na wanasiasa, ni kwamba wafungwa wajilishe kwa kazi zao. Mashamba na karakana vina thamani kubwa kwa ufundi, na mahali pengine hupunguza kweli gharama ya chakula. Lakini hesabu ya mapato itolewe baada ya kutoa mbegu, mashine, mafuta na askari wanaolinda vikundi vya kazi, na mahabusu wasihesabiwe kabisa kama nguvu kazi, kwa kuwa Kanuni ya 116 ya Kanuni za Mandela inampa asiyehukumiwa fursa ya kufanya kazi bila kumlazimisha. Kuwakodisha wafungwa kwa kampuni bila hiari yao kunagongana na Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 29 wa mwaka 1930. Uliza pia mapato yanakwenda wapi: yakiingia yote katika mfuko mkuu wa serikali, gereza halina sababu ya kutunza trekta.

Kuhusu kuwatoza wafungwa ada ya kukaa, inatosha kusema kwamba watu walio gerezani wengi wao ni maskini, na kwamba kumdai aliyetoka kunamtafutia sababu ya kurudi.

Kuandika pendekezo lenyewe

Pendekezo moja liwe na mambo manne: badiliko, ofisi yenye mamlaka ya kulifanya, siku za mlo litakazopunguza kwa mwaka (idadi ya watu ukizidisha kwa siku ambazo wangelishwa), na ngazi ambapo upungufu huo utageuka fedha. "Kupunguza msongamano" si pendekezo. "Mahakama ya wilaya ikae gerezani kila Alhamisi kusikiliza maombi ya dhamana ya waliopitiliza siku 90; inatarajiwa kupunguza mahabusu 130 katika miezi sita; wakishapungua 110, bweni la tatu lifungwe na malindo yake mawili ya saa 24 yahamishiwe zahanati na lango kuu" ni pendekezo, na mtu anaweza kulikagua. Andika mapema askari wa bweni hilo watakwenda wapi, kwa kuwa hofu ya kupunguzwa kazi imewahi kukwamisha mipango mizuri kuliko ukosefu wa fedha, na kwa kuwa ile hesabu ya 5.1 itakuonyesha kwamba aghalabu wanahitajika palepale walipo.

Elekeza pia sehemu ya kilichookolewa kule kazi ilikoongezeka. Mahakama iliyotakiwa kukaa siku moja zaidi na ofisi ya huduma kwa jamii iliyopokea watu 100 wapya hazitaendelea kwa hisani baada ya robo ya kwanza ikiwa akiba yote imebaki magereza au imerudi hazina. Panga tathmini kila robo mwaka kwa kulinganisha vitabu vinne: rejista ya mahabusu, hesabu ya asubuhi, orodha ya zamu na kitabu cha madeni ya wazabuni. Hesabu ya asubuhi ikishuka huku orodha ya zamu ikibaki na malindo yaleyale, rudi kwa mkuu wa gereza na umwulize bweni lipi bado linafunguliwa na kwa ajili ya nani.